Kola Nyeupe ya Bi. Nesta Nambeye

Leo, Jumamosi tarehe 30 Juni 1956, Bi. Nesta Nambeye anastaafu baada ya kuitumikia Karakana ya Ushonaji ya Ruanda kwa miaka ishirini na tisa. Hongera sana! Vigelegele visubiri kidogo tu mpaka Mwalimu Enoka, anayewasomea wasifu huu, afike mwisho. Namwomba asiruke hata mstari mmoja.

Bi. Nesta alifika kwa miguu kutoka Chapwa mwezi Machi 1927, sindano yake moja ameichomeka kwenye kilemba. Alianza na vifungo. Siku hizo cherehani zilikuwa nne, zote zimekaliwa na wanaume. Wanawake walikaa mkekani. Mwaka wa tatu fundi mmoja akaugua katikati ya kazi ya kaptura za shule. Bi. Nesta akakalia kiti chake bila kutumwa, na hadi jioni kaptura kumi na moja zilikuwa zimekunjwa mezani. Fundi alipopona, alitafutiwa kiti kingine!

Leo wanawake tisa wanakula kwa jasho la cherehani hizo, na saba kati yao amewafundisha yeye. Ferista, mmoja wa hao saba, anasimulia kwamba alifumuliwa mshono mmoja mara sita, na mara ya saba akapewa chai.

Jambo moja tu Bi. Nesta hakuwahi kuruhusiwa: kushika mkasi wa kukatia. Wengi wenu mnadhani mnajua sababu. Hamjui. Mimi, Fanueli Simkoko, mkataji mkuu wa karakana hadi mwaka jana, ndiye ninayeijua, na sitaki aende nyumbani na kosa langu mgongoni.

Mwaka 1938 tulipewa kazi ya magauni ishirini na manne ya kwaya, kwa ajili ya Sikukuu ya Mavuno. Kitambaa kilikuwa kizuri ajabu, chekundu, kimejaa majogoo. Nilikikunja ili nikate mbele na nyuma kwa pamoja. Bi. Nesta akasimama kando yangu.

“Fundi, angalia vichwa vya majogoo.”

“Shona, mama,” nikamjibu. “Kukata ni kazi ya wanaume.”

Nikakata. Magauni yote yakatoka na majogoo wanaosimama vizuri kifuani, na mgongoni wanasimama kwa vichwa! Kitambaa kilikuwa kimekwisha na sikukuu ilikuwa keshokutwa. Msimamizi alipouliza nani alikikunja, nilisema ni Nesta. Mwezi ule ule alikuwa aanze kufundishwa kukata. Akaambiwa asiguse mkasi kamwe.

“Nesta, majogoo wako wamelewa?” Ketrina, mshonaji mwenzake, alimtania.

“Waache,” akasema, “wanadonoa punje.”

Kisha akafanya kazi. Vipande vya nyuma vya sketi vilikuwa vya mraba, kwa hiyo alivigeuza tu na majogoo wakasimama. Migongo ya juu haikugeuzika, basi akaifunika kwa kola kubwa ya marikani nyeupe, kutoka mabegani hadi kiunoni. Jumapili kwaya ilipoingia, kanisa zima liligeuza shingo! Wiki iliyofuata wakaja wateja kutoka Msangano, kutoka Tunduma, hata ndugu zetu wa ng’ambo ya mpaka, wote wakitaka kola ile. Wakaiita kola ya Fanueli. Nami, kwa miaka kumi na minane, nikaitikia.

Naandika haya nikiwa kitandani, na daktari amenieleza wazi kwamba sitaiona mvua ijayo. Lakini moyo wangu leo unaruka kama wa mtoto, maana hatimaye naweza kusema: kosa lilikuwa langu, na kola ni ya Nesta. Nisamehe, dada yangu, ukiweza. Na ninyi wateja, kuanzia leo agizeni kola ya Nesta.

Bi. Nesta, kwa niaba ya karakana nzima, asante kwa kila mshono. Ukapumzike Chapwa kwa afya na furaha, na wajukuu wako wavae vizuri kuliko watoto wote wa mjini.

Bado kidogo. Fungua kitambaa kilicho mezani mbele yako. Ndani yake umo mkasi wangu, na kitambaa chenyewe ni kipya, chekundu, kina majogoo. Mkasi ni wako. Simama ukate gauni la kwanza mbele ya watu wote, wewe ambaye uliviona vichwa vya majogoo kabla yangu.

Sasa, akina mama, vigelegele!