Kaetan Rebelo, Aliyezoea Kufa kwa Mikono ya Wengine

Marehemu Kaetan Anastasio Rebelo, ambaye wapenzi wa filamu za Kihindi walimjua kwa jina la Shamsher, alizaliwa tarehe 7 Agosti 1938 mtaani Mazagaon, Bombay. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Inasio Rebelo, fundi mitambo wa kiwanda cha nguo, na marehemu Mama Piedade. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Kaetano, ndipo akapata jina. Baba yake alikuwa na mkono mwepesi. Mkanda wake ulining'inia nyuma ya mlango, na marehemu aliujua mkanda huo kabla hajaijua sala ya Baba Yetu.

Alisoma shule ya mapadre hapo hapo Mazagaon hadi mwaka 1954, alipofukuzwa kwa kumvunja pua mwenzake aliyemtukania mama. Padre mlezi hakumwacha apotee. Alimpeleka kwenye ukumbi wa ndondi akamwambia, "Kama kupiga huwezi kuacha, basi jifunze lini usipige." Kaetan alipigana ulingoni miaka minne, akapoteza meno mawili, akapata shingo ya fahali.

Mwaka 1959 aliingia kwenye filamu kama mtu wa kupigwa na kuanguka badala ya nyota. Siku moja alirushwa dirishani, na kioo kilichotakiwa kuwa cha sukari, kisichokata, kikawa kioo cha kweli. Kilimpasua shavu toka sikioni hadi kidevuni. Daktari alipoanza kumshona, mwongozaji alimshika mkono. "Daktari, usishone vizuri sana. Uso huu umeshapata kazi."

Naam, ulipata. Kwa zaidi ya miaka thelathini Shamsher alichoma mashamba ya wanyonge, aliteka mabibi harusi, aliwatesa wazee mbele ya wana wao, na mwishoni aliuawa: kwa risasi, kwa upanga, kwa kukanyagwa na farasi, mara moja kwa kuliwa na mamba. Watu walimwamini mno. Sokoni hapa Mahim, Sakhubai muuza samaki alimmwagia maji ya samaki miguuni. "Toka hapa, mwanahizaya! Anayempiga mama yake mzazi hali samaki wangu wa pomfreti!" Marehemu alijifuta, akainamisha kichwa. "Haki yako, mama. Lakini mama yangu ndiye aliyenituma hao pomfreti."

Tarehe 27 Mei 1967 alifunga ndoa na Eskolastika Pinto katika kanisa hili. Haikuwa rahisi. Mzee Pinto alifoka, "Nimpe binti yangu mtu aliyemtupa mjane kisimani? Nimemwona kwa macho yangu haya!" Eskolastika alimjibu, "Baba, huyo mjane yu hai. Jana amekunywa chai nyumbani kwake na mumewe." Walijaliwa mtoto mmoja, Minguel.

Chini ya nyumba yao hapa Mahim palikuwa na duka la Barkat Momin, fundi cherehani aliyemshonea marehemu makoti yake yote ya uovu. Barkat alikuwa mgane mwenye watoto wawili, Tahira na Nadim. Jumapili tarehe 10 Januari 1993, saa saba mchana, mji ukiwaka ghasia dhidi ya Waislamu, kundi la watu wenye mapanga na chupa za petroli liliingia uchochoroni kuwatafuta. Kaetan alikwisha kuwapandisha watoto nyumbani kwake. Barkat alishuka tena kufunga duka, akakwama humo ndani.

Kaetan alisimama kwenye ngazi. Kijana mmoja alimtambua. "Jamani, ni Shamsher! Kaka Shamsher, tuchekee kile kicheko chako!"

Kaetan alidhani wakiridhika wataondoka. Alicheka. Kicheko kilekile cha filamuni, kwa sauti yote, na wauaji wakampigia makofi.

"Safi, kaka. Sasa tupishe."

"Hapa hapiti mtu."

"Wewe si Mwislamu, una nini nao?"

"Nimesema hapapitwi."

Panga lilimshukia mkono wa kushoto, vidole viwili vikaanguka kwenye ngazi. Mtu aliyetumia umri wake wote kurusha ngumi zisizogusa, siku hiyo alizigusisha. Alimvunja taya aliyemkata. Alinyakua chuma cha kufungia mlango, akavunja goti la mmoja na mkono wa mwingine, damu yake ikiwarukia usoni, hadi wakarudi nyuma. Walipokuwa wakirudi, mmoja alitupa chupa dukani. Kaetan aliingia motoni akamtoa Barkat, koti likiwa limeshikana na ngozi.

Barkat alifariki hospitalini siku ya Jumatano. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Watoto?"

"Wako kwangu," Kaetan alimwambia. "Wanakula."

Marehemu alitoa ushahidi mahakamani. Wakili wa washtakiwa alimkejeli: "Bwana, kazi yako ni kuigiza. Tujuaje leo huigizi?" Kaetan aliinua mkono. "Kwenye filamu, jioni hurudishiwa vidole vyangu." Hata hivyo, mashahidi wengine walitishwa wakanyamaza, na waliomuua Barkat walirudi makwao wakipunga mikono. Marehemu aliendelea kuigiza, mkono ndani ya glavu. Sharti lake lilikuwa moja: "Niueni kwa lolote, ila si kwa moto." Kwa sharti hilo alipoteza kazi nyingi. Tahira na Nadim aliwalea na kuwasomesha, na kila Ijumaa alimsindikiza Nadim hadi mlango wa msikiti.

Kuanzia mwaka 2012 mapafu yalimsumbua. Tarehe 19 Novemba 2014, alasiri, akiwa kitandani kwake, alimuuliza Tahira, "Mlango umefungwa?" Tangu ile Januari hakuwahi kulala bila kuuliza hivyo.

"Uko wazi, Baba. Watu wanakuja kukuona."

Alisikiliza viatu vyao ngazini kwa muda. "Basi uacheni wazi," alisema, na baada ya hapo hakusema tena.

Ameacha mjane, Eskolastika, watoto watatu, Minguel, Tahira na Nadim, wajukuu watano, na dada yake, Ermelinda.

Mungu amlaze mahali ambapo hakuna atakayemwinulia mkono, wala yeye hatahitaji kumwinulia mtu.