Wasifu wa Karani na Masahihisho ya Sehemu ya Saba

Marehemu tunayemzika leo aliacha maagizo matatu kuhusu wasifu huu: usizidi karatasi mbili, usitiwe chumvi, na uwe na sahihisho moja ambalo yeye mwenyewe alishindwa kulifanya akiwa hai. Mdogo wake, ambaye ndiye anayewasomea, ameshavunja agizo la kwanza. La pili atajitahidi. La tatu linakuja, vumilieni.

Alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Februari 1962, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu. Baba alikuwa mlinzi wa kiwanda hicho na mama alishona mashuka ya hospitali. Watoto wakigombana, mama hakuwa na haja ya kumhoji kila mmoja. Alikuwa akiita tu, "Njoo wewe, nani alianza?" na marehemu alieleza yote, nani alisema nini na nani alimvuta nani nywele, pamoja na makosa yake mwenyewe. Mdogo wake alichapwa mara nyingi kwa ushahidi huo, na kinyongo kidogo bado anacho.

Alisoma shule ya msingi ya kiwandani kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, kisha sekondari ya wasichana hadi 1979. Hisabati ilimpiga chenga mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1980 alijiunga na chuo cha uhazili, akahitimu mwishoni mwa 1981 akiwa na uwezo wa kuchapa maneno sabini kwa dakika bila kutazama vidole. Mashine aliyojifunzia ilikuwa na herufi moja iliyokwama, na hadi uzeeni kidole chake cha shahada kiliigonga herufi hiyo kwa nguvu kuliko nyingine. Watu waliomsikia akichapa walidhani amekasirika.

Tarehe 1 Machi 1982 aliajiriwa karani mchapaji katika mahakama ya wilaya, akafanya kazi katika chumba kimoja, kwenye dirisha moja, hadi alipostaafu tarehe 28 Februari 2017. Ni miaka thelathini na mitano ya kuchapa mienendo ya kesi. Siku moja wakili mmoja alimnong'oneza kwamba maneno ya shahidi fulani ni makali mno, hebu ayapunguze kidogo. Marehemu hakuinua hata macho. "Wakili," alisema, "mimi nachapa, sipiki." Kauli hiyo ilizunguka mahakama nzima, na tangu siku hiyo akaitwa Karani, kana kwamba makarani wengine waliokuwa mle hawakuwa makarani. Hata mume wake hakumwita jina jingine.

Huyo mume, ambaye nyote mnamjua kama Fundi, alimpata kwa sababu ya redio. Mwaka 1986 Karani alipeleka redio ya baba kwenye kibanda chake cha kutengeneza redio na televisheni. Fundi alisema itakuwa tayari Alhamisi. Ilichukua wiki sita. Kila Karani alipokwenda, ilikuwa imezuka hitilafu mpya, na wakati akisubiri alikalishwa mbele ya televisheni ya mteja iliyokuwa ikijaribiwa, ikionyesha vyombo vya angani, mazimwi, na watu wa sayari nyingine wenye masikio ya ajabu. Fundi hakupenda kitu kingine. Kumbe Karani aliisikia redio ile ikiimba tangu wiki ya kwanza, akiwa bado barabarani, na akanyamaza. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 19 Desemba 1987, wakajaliwa binti mmoja, ambaye ni muuguzi. Kwa miaka karibu thelathini walikaa kwenye kochi lile lile wakibishana kama zimwi linaweza kuruka likiwa na njaa.

Mwaka 2016 presha ya macho ilianza kumnyang'anya Fundi nuru yake. Tamthilia hizo ni za lugha ya kigeni, na maandishi yanayopita chini ya kioo hakuweza tena kuyasoma. Basi Karani akawa anamsomea maandishi na kumsimulia yasiyosemwa: nani ameingia, taa gani inawaka, nani ameficha mkono nyuma. Alisimulia kama alivyochapa, hakuna kilichoachwa wala kuongezwa. Binti yao akawaingiza kwenye kundi la mtandaoni la wapenzi wa tamthilia za aina hiyo, na Karani akaanza kuandika muhtasari kila Jumamosi asubuhi kwa ajili ya wale wasio na bando la kutazamia. Fundi alituma ujumbe wa sauti, na simu yake ilimsomea kwa sauti yale wengine waliyoandika. Lilikuwa kundi la watu mia tatu na kumi na wawili, ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya mlango wa chombo cha angani, kama unafunguka kwa ndani au kwa nje. Muhtasari wa Karani ukifika, ubishi unaisha. "Karani kaandika" ndiyo ilikuwa hukumu.

Sasa tumefika kwenye sahihisho.

Tamthilia waliyoipenda kuliko zote iliitwa Safina ya Kumi na Moja, inayohusu chombo kikuukuu kilichobeba watu wanaotafuta sayari ya kuishi. Ndani yake alikuwamo Mhandisi Mkuu, mzee anayetengeneza kila kitu kwa vipande vya waya na matusi. Fundi alimpenda kama ndugu. Jumatatu, tarehe 17 Septemba 2018, Fundi alifanyiwa upasuaji wa jicho la pili, na haukufaulu. Daktari alimwambia wazi kwamba hataona tena. Fundi aligeukia ukuta, akakataa kula. Jambo pekee alilosema siku hizo lilikuwa hili: "Kama Mhandisi anaendesha chombo kibovu kile, na mimi nitajaribu."

Ijumaa ya wiki ile ile, katika sehemu ya saba ya msimu wa tatu, Mhandisi alikufa.

Karani alikuwa amekaa kando ya kitanda cha hospitali, simu mkononi, akisimulia. Alipofika pale, alirudisha nyuma kidogo, akatazama tena. Kisha, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akapika. Akasema Mhandisi ametoka mzima, ila gesi imemuunguza koo na hatasema tena. Fundi akauliza, "Mbona wanalia?" Karani akajibu, "Ni furaha." Fundi akashusha pumzi, akaomba chai.

Jioni ile ile Karani alianza kuwaandikia wanakundi mmoja mmoja, kwa siri, watu mia tatu na kumi waliobaki. Ilimchukua siku nne. Aliwaomba Mhandisi aendelee kuishi. Na lile kundi la wabishi, ambalo halijapata kukubaliana lolote, likakubali.

Ikawa hivyo misimu miwili na nusu. Kila sehemu Karani alimchomeka bubu wake mahali fulani: yuko pembeni anakaza skrubu, amemtazama Nahodha kwa jicho baya, ametikisa kichwa. Fundi anatuma ujumbe wa sauti: "Jamani, mmemwona Mhandisi leo alivyonuna?" Na watu wazima, wenye kazi zao na heshima zao, wanajibu kwamba wamemwona, na wengine wanabisha kwamba hakununa, alichoka tu. Mara moja mfamasia mmoja mgeni aliandika, "Mhandisi gani tena? Si alishakufa?" Admini wa kundi, dereva wa lori, alikuwa kwenye foleni ya mizani. Aliufuta ujumbe ule kabla simu ya Fundi haijausoma, huku magari ya nyuma yakimpigia honi na kumtukana. Dereva huyo yuko hapa leo, na mnaweza kumshukuru baadaye. Tamthilia ilipoisha mwaka 2022 na watu wote wakateremka kwenye sayari mpya, Karani alimteremsha Mhandisi wa mwisho, akamfanya afunge mlango na kuupapasa kidogo. Fundi alilia. Kundi lilijadili tendo hilo wiki nzima, ingawa kwenye tamthilia tendo lenyewe halikuwapo.

Januari mwaka huu Karani aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, nayo ilikuwa imeshakwenda mbali. Alitibiwa hospitali ya mkoa, kisha akauguzwa nyumbani na binti yake. Maumivu aliyavumilia. Kilichomkosesha raha ni Mhandisi. "Miaka thelathini na mitano sikuongeza neno," alimwambia mdogo wake, "halafu nimeongeza mtu mzima, na koo nikamuunguza." Mdogo wake alicheka. Yeye hakucheka. Mara tatu alianza kumwambia mumewe, na mara tatu akaishia kuuliza kama anataka maji. "Nikimwambia hili," alisema, "ataniuliza, na mengine je? Mimi ndiye macho yake. Atajuaje kama kuta ni za kijani? Atajuaje kama mjukuu anafanana na mama mkwe wangu?" Akamwapisha mdogo wake kwamba lisemwe kwenye wasifu, kwa sababu wasifu ni rekodi, na rekodi haiwi na kosa. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa nne na robo asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Fundi.

Wasifu hausomwi kabla mjane au mgane hajaukubali, kwa hiyo juzi Alhamisi mdogo wake alikaa kwenye kochi lile na kumsomea Fundi rasimu. Alisoma harakaharaka, maana alimwogopa shemeji yake siku hiyo kuliko siku zote.

"Na mengine?" akauliza Fundi rasimu ilipokwisha.

"Nilimuuliza hivyo hivyo, shemeji. Aliniambia ni hilo moja tu."

"Mjukuu?"

"Anafanana na mama yako hadi masikio. Hata mimi namwona."

Fundi akaitikia kwa kichwa taratibu. "Karani akisema moja, ni moja." Kisha akasema, "Haya, nisimulie. Alikufaje?"

Mdogo wake, ambaye aliitazama sehemu ya saba usiku uliotangulia kwa ajili hiyo tu, alijitahidi. Hewa ilikuwa inavuja, Mhandisi akajifungia ndani ya chumba, akashikilia valvu mpaka wenzake wakavuka. Basi, akafa.

"Alishika valvu kwa mkono upi?"

"Shemeji, sikuangalia."

"Karani angeangalia," alisema Fundi, na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, na mdogo wake akalia naye.

Baadaye alichukua simu, akalitumia kundi ujumbe wa sauti. "Mmenidanganya, watu mia tatu na kumi. Nilikuwa najiuliza siku zote, hawa wamepata wapi adabu ya kukubaliana nami. Nawashukuru. Sasa mmoja wenu aniambie, mkono upi?"

Jibu la dereva wa lori lilifika kwanza. "Kushoto, Fundi. Wa kulia alikuwa ameegemeza mlangoni. Pole sana."

Fundi akamgeukia mdogo wa marehemu. "Liweke kwenye wasifu," akasema. "Tena liandike vizuri, na tarehe yake."

Marehemu ameacha mume, binti, mkwe, wajukuu wawili, mdogo wake mmoja, makarani aliowafundisha, na kundi la watu mia tatu na kumi ambao tangu juzi wamerudia kubishana kama kawaida yao. Ametanguliwa na baba yake, mama yake, kaka yake mkubwa, na Mhandisi Mkuu wa Safina ya Kumi na Moja, aliyefariki Ijumaa, tarehe 21 Septemba 2018, mkono wake wa kushoto ukiwa kwenye valvu.

Rekodi imesahihishwa, Karani. Fundi ameisikia yote, na ameikubali. Pumzika kwa amani.