Mama Keti Avua Koti

Tarehe thelathini Juni, saa tisa alasiri, Mama Keti atafunga pazia la chumba cha kupimia kwa mara ya mwisho na kustaafu rasmi. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja na miezi minne katika karakana hii ya ushonaji. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu meza yangu ya kukatia inatazamana na pazia hilo. Na pia, nadhani, kwa sababu mimi ndiye niliyefanya kosa mtakalolisoma hapa chini.

Alianza kwa kushona vifungo. Wakati huo, kule dukani mbele, magauni ya saizi kubwa yalikaa rafu ya chini kabisa, yote meusi au ya kahawia, yamekatwa kama magunia. Mwanamke mwenye mwili wake aliingia, akainama, akachukua lililomwenea, akaondoka. Hakuna aliyemuuliza kama limempendeza. Mama Keti alilitazama jambo hilo miaka miwili, kisha akamwendea meneja wa enzi hizo na kuomba kona moja, kioo kimoja na kiti. Kona na kioo vilieleweka, ila kiti kilizua maswali.

Sisi wengine tulizoea kumpima mteja akiwa wima, basi. Yeye alimpima amesimama, kisha akamwambia "keti", akampima upya kiunoni na nyongani, maana mwili ukikaa hutanuka, na gauni lisilojua hilo humuumbua mwenyewe kwenye kiti cha kwanza atakachokutana nacho. Neno hilo lilitoka nyuma ya pazia mara nyingi mno. Siku moja mteja mmoja, mwalimu wa shule, alileta mkoba mpya wa zambarau, akasema ni zawadi ya mtoto Keti, anayemsikia akiitwa kila akija. Karakana nzima tuliinama kutafuta sindano ambazo hazijaanguka. Mwenzetu aliupokea mkoba kwa heshima zote, akashukuru kwa niaba ya mtoto, na tangu siku hiyo akawa Mama Keti. Mikasi yake hukaa humo hadi leo.

Nitakachokikumbuka zaidi ni alasiri zake. Jua lilipogeukia dirisha refu, lilipenya kwenye vitambaa vilivyotundikwa, na rangi zikawa zinatembea taratibu sakafuni. Cherehani zilivuma. Nyuma ya pazia sauti yake ya chini ilimwambia mtu ainue mikono kama anayetoa kitu juu ya kabati, avute pumzi, akae, ainuke, atembee mpaka dirishani na kurudi. Mara ngapi nimejikuta nimesimama na mkasi wazi mkononi, sijui kwa muda gani, mimi mwenyewe sipo kabisa.

Alitufundisha kuanza na mabega: gauni likikaa vizuri begani na kifuani, huko chini litajijua. Kwapa lisibane. Kitambaa kianguke chenyewe, kisiung'ang'anie mwili. Lakini upana uliopitiliza aliuchukia pia, kwani ni kubeba mzigo wa nguo kutwa nzima bila sababu. Na aliyekuja kuomba gauni la kuficha tumbo alikutana na swali lake: "Kwani limeiba nini?" Mteja alicheka, na hapo hapo Mama Keti akampima, kwa kuwa ndipo alipoanza kupumua.

Yeye mwenyewe, ajabu, alivaa koti la kazi la kiume, la buluu, pana, mikono imekunjwa mara mbili, joto au baridi.

Mwezi uliopita tulikubaliana kumshonea gauni la kuagwa. Alikataa kwa utani, akakataa kwa kusingizia kazi nyingi, na mara ya tatu alisema wazi kwamba tukiendelea na habari za kumpima hatakuja kwenye sherehe, atatuaga mlangoni aende zake. Tukanywea. Miaka thelathini na mmoja, halafu mtu aishie mlangoni! Binti yake, tuliyempigia simu kwa siri, alisema hata yeye hajui vipimo vya mama yake.

Basi nikajitia ujanja. Jumamosi, makoti yalipokwenda kufuliwa, nilipima la kwake, nikakata gauni la rangi ya machungwa, na Jumatatu tukamkabidhi. Alilivaa kwa kutuonea huruma. Likammeza. Mabega yalimwangukia hadi karibu na viwiko. Alijitazama kiooni akacheka, nasi tukacheka, kisha yeye akaacha.

"Hili mmelishonea koti langu," alisema. "Mimi hamjanishonea."

Akatueleza, kwa sauti ile ile ya chini, kwamba alipokuwa msichana fundi mmoja alimpima mbele ya duka lililojaa watu na kutangaza kila kipimo kama yuko mnadani. Watu walicheka, na mama yake akacheka nao. Tangu hapo hakuna futi ya kupimia iliyomgusa. Ndipo nilipoelewa kwa nini vipimo vya wateja aliniletea siku zote kwenye karatasi iliyokunjwa, bila kutamka hata kimoja. Niliona aibu, na iliniuma sana.

Nilimwomba radhi. Aliingia nyuma ya pazia, akatoka amelivua gauni na kuvaa tena koti lake, nasi tukajua sherehe imekwisha kabla haijaanza. Kisha, mbele yetu wote, akalivua. Akabaki na blauzi na sketi, akainua mikono.

"Pima," aliniambia. "Na usome kwa sauti."

Nilisoma. Kifua, kiuno, nyonga, kwanza amesimama, kisha ameketi. Cherehani zote zilikuwa kimya. Kila namba niliyoitaja aliirudia polepole, kama mtu anayejifunza jina. Hakuna aliyecheka. Nilipomaliza aliniomba nisome tena za nyonga, kwa sababu, alisema, zimempendeza kuzisikia.

Gauni la pili liko tayari na limemkaa. Mama Keti, kwa niaba ya mafundi wote, na ya wanawake waliotoka kwenye chumba chako wakitembea taratibu ili watazamwe, tunakushukuru. Tunakutakia maisha yasiyokubana popote.