Mashine za Karakana Zibaki na Mbinya

Sogeeni hapa kitandani, Musili na Mbinya, na wewe mama yao, Ndila, keti uwe shahidi, kwa maana niko na maneno na pumzi imebaki kidogo.

Mnajua useremala niliuanza kwa randa ya mkono, na msumeno wangu wa meza wa kwanza hapa Katelembo niliuunda mwenyewe kwa vyuma vya kinu cha posho kilichokufa, nikaufunga mkanda na injini ya dizeli. Ulikata, lakini meza nzima ilitetemeka, na meno yake hayakuwa na kinga yoyote. Siku ulipomkata vidole ndugu yangu Maundu, alifunga mkono kwa shati, akatoka, na hakukanyaga tena karakana hiyo, hata nilipomwita kwa machozi.

Stima ilipotufikia, Mbinya, wewe ndiye uliyeniambia, "Nau, baba yangu, huu msumeno uondoke kabla haujachukua mkono wako." Nilikasirika, nikakuuliza kama binti anamfundisha baba yake kazi. Uliuza ng'ombe zako, ukaenda Nairobi, ukarudi na lori limebeba msumeno wa chuma kizito na mashine ya randa, na majirani wakazishusha wakiimba.

Ukauwasha msumeno. Ukaweka kikombe changu cha chai juu ya meza, meno yakizunguka, na chai haikutikisika. Wanangu, nilivua kofia kama niko kanisani! Kisha ukaingiza ubao wa mukau kwenye mashine ya randa, mweusi kwa jua na vumbi, nao ukatokea upande wa pili mwekundu, laini, mistari yake ikikimbia kama maji ya mto wakati wa mvua. Maisha yangu yote nimeushika mti huo, na sikujua una uso kama ule. Nikalilaza shavu langu juu yake. Ulikuwa bado na joto.

Maundu akasikia, akaja, akasimama nje. Nawe Mbinya ukamwonyesha kinga ya msumeno mpya, ukamwambia, "Baba mdogo, njoo ushike hapa." Akaingia. Akasukuma ubao kwa mkono uleule uliokatwa, akacheka, halafu akalia, na mimi nikalia naye.

Basi, Musili, najua unataka kuzipeleka mashine Athi River, unasema dada yako ataolewa. Hata akiolewa mbali, kule Kivaa, ni zake, na karakana nimempa. Wewe chukua shamba la mtoni lote, umtunze mama yako. Msipelekane kortini. Mbinya, kinga usiitoe hata mteja akikuharakisha, na Maundu mpe kazi.

Niinueni kidogo... hapo. Mungu awape mikono mizima... awape mvua, na watoto... mzeeke mkiitana kwa majina. Mbinya, mwanangu... nenda uwashe mashine. Acha mlango wazi... nisikie.