Otha Grantham, Aliyeufundisha Mkono Upya

Marehemu baba yetu, Otha Grantham, alizaliwa tarehe 9 Machi 1927 karibu na Belzoni, Mississippi, mtoto wa pili wa Amos na Pearlie Grantham. Shule aliishia darasa la sita, tena alisoma miezi ile tu ambayo pamba haikumhitaji. Gitaa alifundishwa na mjomba wake. Lilikuwa gitaa kavu, lisilo la umeme, na kwenye dansi za Jumamosi ilimbidi alichape kwa nguvu zote ili asikike juu ya vishindo vya miguu.

Mwaka 1949 alimwoa mama yetu, Verlene Moody. Juni 1952 walitoroka shamba la pamba walikofungwa na deni, wamenibeba mimi, Loretta, nikiwa mchanga, mpaka hapa Chicago. Mwenye shamba aliapa kwamba Otha akionekana tena kule, hatatoka hai.

Kazi aliipata kwa Bwana Cleophus Tate, mwenye bendi, aliyemwazima gitaa la umeme na spika yake. Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Baba alichapa kama alivyozoea. Nyuzi zile laini zikapotoka sauti, na zile asizozigusa zikavuma kwenye spika mpaka watu wakaziba masikio.

"Kijana, hapa kelele ni kazi ya spika," Bwana Tate alimwambia. "Wewe bembeleza tu. Jumamosi ukinichapia hivi tena, rudi kwenu."

Nyumbani, Mama akanilaza kitandani, kando ya spika. "Haya, fanya mazoezi. Ukimwamsha, utamnyamazisha mwenyewe."

Inasemekana nililia sana wiki ile. Baba akajifunza kuugusa uzi badala ya kuupiga, na kulaza ukingo wa kiganja juu ya nyuzi ili zitulie. Ijumaa nililala.

Jumamosi, Bwana Tate aliimba huku anautazama mkono ule. Dansi ilipopamba moto, baba akajisahau, mkono ukapanda juu kama zamani. Mama aliuona kutoka mlangoni. Mkono ukakaa hewani, kisha ukashuka taratibu. Bwana Tate akawageukia wachezaji, akaendelea kuimba. Baba alidumu katika bendi ile miaka kumi na tisa.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2003. Mdogo wake, baba mdogo Rufus, alimwomba akubali kuzikwa Belzoni, karibu na wazazi, kwa kuwa siku hizi kule kumetulia. Baba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Rufus, sikuufundisha mkono huu adabu ili mje kunirudisha kule siku ambayo siwezi kukataa."

Alifariki tarehe 14 Februari 2004. Ameacha mjane, Verlene. Watoto wawili, Loretta na Amos. Mdogo wake, Rufus. Na wajukuu watano.

Baba, kaburi lako liko hapa Chicago. Hakuna atakayekurudisha. Pumzika kwa amani.