Bi Pumzi Anakabidhi Vyuma

Ijumaa ya tarehe ishirini na nane mwezi huu, baada ya miaka ishirini na sita ya kuwafundisha watu kuinama, kuinuka na kuhema bila kuona haya, kocha wetu mkuu na mwanzilishi wa jimu hii anastaafu. Tunamwita Bi Pumzi, kwa kuwa hajawahi kumpa mtu chuma kabla ya kumlaza mkekani na kumsikiliza anavyopumua. Nimekuwa kocha chini yake kwa miaka kumi na minne, na nilipoombwa niandike wasifu wake kwa ajili ya sherehe, nilikubali upesi mno. Tangu siku hiyo nimeandika na kuchana karatasi sita.

Wenzangu wananiita Bwana Wasiwasi. Wasomaji wanivumilie basi kama wasiwasi huo utachungulia humu, maana anayeachiwa funguo ni mimi.

Bi Pumzi alianza bila chumba. Alikuwa na mkeka mmoja, kamba ya kuruka na madumu mawili ya maji yaliyofanya kazi ya dambeli, akizunguka nyumba hadi nyumba tangu alfajiri. Neno hapana hakulijua. Aliyetaka saa kumi na moja alfajiri alipewa, aliyetaka saa sita mchana juani alipewa, na Jumapili ilikuwa ya wale waliokosa Jumamosi. Kufikia mwaka wa nne alikuwa na wateja kumi na mmoja kwa siku, na kila mtu alimpongeza kwamba biashara imeshika kasi. Mumewe tu, fundi seremala, ndiye aliyegundua kwamba mke wake siku hizi anakula akiwa amesimama.

Siku moja alikuwa akimsimamia mhasibu mmoja mpole aliyekuwa akipiga pushapu. Walipofika kumi na mbili, usingizi ukamchukua Bi Pumzi wima, macho wazi, na mdomo ukaendelea wenyewe: kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na mbili. Mhasibu, mtu wa adabu zake, hakutaka kumsahihisha mwalimu kwenye hesabu. Aliendelea mpaka mikono ikagoma, akabaki kifudifudi sakafuni. Bi Pumzi husimulia kisa hiki akicheka hadi machozi. Mimi huwa nacheka nusu tu, kwa sababu najua alichoambiwa na nafsi yake pale: kwamba hakuwa na biashara hata kidogo. Alikuwa na mwili wake, na siku mwili huo ukipata mafua, biashara nzima inapiga chafya.

Akapunguza wateja hadi nusu, na kwa miezi kadhaa akaishi kwa roho juu. Akakodi ghala lililokuwa la vigae, mumewe akamtengenezea benchi nne za mbao ngumu tunazozitumia hadi leo, kisha akaajiri kocha wa pili, wa tatu, na mwishowe mimi. Alituwekea taratibu ambazo majirani wenye jimu zao walizicheka waziwazi. Hatukuuza dawa ya kukata tumbo wala unga wa kujaza misuli. Bibi harusi aliyetaka kupungua ndani ya wiki mbili alishauriwa kwa upole akamwone mshonaji, apanue gauni. Na mteja asipoonekana mara mbili mfululizo, ni lazima apigiwe simu, ila ni marufuku kumuuliza habari za mazoezi. Unamuuliza habari za nyumbani. Wale wanaojaa mwezi wa kwanza wakiwa na viatu vipya, kwenye jimu nyingine hutoweka kabla ya mwezi wa tatu. Kwetu hubaki karibu nusu yao, na naamini ni kwa sababu ya simu hizo.

Utaratibu uliotutoa jasho zaidi ni ule wa kubadilishana. Kila miezi mitatu, mteja anahamia kwa kocha mwingine na kadi yake, iliyoandikwa kila kitu: goti, mgongo, presha, hata muziki anaouchukia. Wateja walinung'unika, nami niliwazidi. Mwaka wangu wa pili niliwaficha watatu wasihamishwe, kwa sababu walinipenda na nilipenda kupendwa. Kadi zao sikuzijaza, nikijisifu kwamba yote yamo kichwani. Kisha nikalazwa kwa upasuaji wa kidole tumbo, na kichwa kikalazwa pamoja nami. Wawili kati yao waliacha mazoezi wakarudi makwao. Wa tatu, fundi saa mwenye mgongo mbovu, alijinyanyulia uzito aliodhani nilikuwa nimempangia, na mgongo ukamkamata palepale. Hakuinuka kitandani siku tisa.

Bi Pumzi hakunigombeza. Alikwenda kwa fundi saa kila siku kumnyoosha taratibu, na mimi niliporuhusiwa kutoka hospitali akanichukua twende wote. Akaniketisha kando ya kitanda, akanipa kadi tupu na kalamu, akaniambia nimuulize mgonjwa mwenyewe. Mke wa fundi saa alituletea chai na hakunitazama usoni. Sijawahi kuona aibu kama ile, na tangu hapo sijaficha mteja.

Sasa niseme linalonikaba. Tangu Bi Pumzi atangaze kwamba ametimiza miaka sitini na inatosha, minong'ono haiishi. Mwalimu mmoja wa sekondari, mteja wetu wa miaka kumi, aliniambia akifunga kamba za viatu: "Kocha, usinielewe vibaya, lakini mimi nilimfuata yule mama. Sikufuata kuta." Nilimwelewa vizuri kabisa, na shida ndiyo hiyo. Makocha watano wanalitegemea ghala hili, mmoja wao ana mapacha wa miezi minne. Wateja wakiondoka pamoja naye, kazi ya miaka ishirini na sita itakuwa imenifia mikononi.

Jumatatu iliyopita tulibandika karibu na mlango orodha ya miezi mitatu ijayo, ambamo kila anayeendelea huandika jina lake chini ya kocha wake mpya. Kwa mara ya kwanza haikuwa na safu ya Bi Pumzi. Watu waliisoma, wakakuna vichwa, wakaenda kuoga. Jumanne nilikunywa maji mara kumi na tisa, kwa kuwa mtungi uko upande ule. Karatasi ilikuwa nyeupe.

Jumatano asubuhi nikakuta jina moja, chini ya safu yangu. Mwandiko niliujua kabla sijalisoma. Kocha mkuu mstaafu mtarajiwa alikuwa amejiandikisha kuwa mwanafunzi wangu, Jumatatu na Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi. Nilimfuata nikidhani ni mzaha. Alinijibu kwamba amewahesabia watu maisha yake yote, sasa anataka kujua raha ya kuhesabiwa, na akaniomba nisimwonee huruma. Nikaenda stoo nikajifanya natafuta kamba, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka.

Hadi jana jioni majina yalikuwa thelathini na moja, kati ya wateja sitini na wanane. Mwalimu wa sekondari bado anakuna kichwa. Sijui tutafika wapi, na siwezi kuandika hapa kwamba sina hofu, maana hakuna atakayeniamini.

Bi Pumzi, kwa niaba ya makocha, wateja na kila mgongo ulionyooka humu ndani, asante sana. Tunakuombea afya, kicheko, chakula unachokula ukiwa umeketi, na usingizi mrefu wa asubuhi kila siku, isipokuwa Jumatatu na Alhamisi. Siku hizo njoo saa kumi na mbili kamili, na tafadhali usichelewe. Kocha wako ataanza kuchungulia mlangoni tangu saa kumi na moja.