Milka Anasema Nini Kwenye Ile Filamu

Benchi letu liko nje ya sinema, ubavuni mwa mgahawa wa Bi Zuzana, na kahawa tunaletewa hapo hapo. Wiki hii wanaonyesha filamu ya roki, zile za kuwavuta vijana: gitaa, magari, wazazi wakali, kisha dansi. Watoto wa hapa wanaitazama wamesimama juu ya viti. Sisi tunaizungumza kwa sababu ya Milka, binti wa Andro. Alikimbilia California mwaka juzi, mama yake alipokwisha kuzikwa, na hajaandika hata mstari. Sasa kaonekana mle, nyuma ya mpiga gitaa, anacheza na kusema kitu, ila muziki umemfunika. Andro akitoka kiwandani anaingia kumtazama, peke yake katikati ya miluzi. Mimi namhurumia sana, ingawa kwenye benchi huruma tunaificha.

— Leo nimekaa mbele kabisa, Andro alisema. Anasema “Baba.” Midomo inagusana mara mbili.

— Hata “bomba” inagusana, alidakia Kidevu, fundi wetu wa mabomba. Huyo anaomba nauli ya kurudi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na wewe ulimzoesha kupanda basi.

— Hamjui kitu nyie, alisema Profesa, kinyozi wetu aliyeupata uprofesa kwa kusoma magazeti ya wateja. Mmeona mkono wake ulivyo shingoni? Kikulacho ki nguoni mwako. Mtoto ametekwa, anatupa ishara!

— Mateka gani anakatika vile? Kidevu alimuuliza.

— Ndo ujanja wenyewe! Mle kuna Warusi, bwana. Lile gitaa lina waya. Waya unaenda wapi?

— Ukutani, mzee.

— Na ukuta je?

Tulicheka mpaka Bi Zuzana akachungulia dirishani. Andro hakucheka. Nikaona bora nimwambie ukweli.

— Andro, ndugu yangu, binamu yangu aliwahi kucheza kwenye filamu hizo. Wale wa nyuma wanaambiwa wachezeshe midomo tu, wasitoe sauti. Hasemi chochote.

— Milka hafungui mdomo bure. Mimi simjui mwanangu?

Hapo dereva mpya wa gari la mikate, aliyekuwa amesimama na kikombe chake akitusikiliza, akasogea.

— Samahani wazee wangu, mimi mgeni hapa. Huyo binti, alipokuwa nyumbani, alikuwa anapenda kuzungumzia nini?

Kidevu akamtazama Profesa. Profesa akatafuta methali, akaikosa. Mimi nimekaa nyumba ya pili kutoka kwao tangu Milka anazaliwa. Nilikumbuka viatu vyake, nikakumbuka kikapu cha chakula alichokuwa akimpelekea baba yake, akipita mbele ya benchi hili hili na kutuamkia. Maneno yake sikuyapata hata moja, na niliona aibu.

— Si useme, Andro, Kidevu alinong’ona. Wewe ndo baba.

Andro aliweka kikombe chini.

— Alikuwa anaongea, alisema. Anaongea sana, jikoni, mezani, mpaka kwenye ngazi... Mama yake ndiye alikuwa anamsikiliza.